Mtoto Anayelilia Jina

Hapo zamani za juzi palikuwa na nchi. Msiniulize iko wapi. Mimi ni mpiga mbiu wa kata tu; kazi yangu ni kupuliza pembe na kusema yale niliyoambiwa niseme. Haya ya leo sikuambiwa na mtu, kwa hiyo nitakwenda nayo polepole, na mkisikia nakohoa katikati ya neno, jueni kuna mtu anapita.

Nchi hiyo ilikuwa na Mtukufu, na Mtukufu alikuwa na jina, Chingwele. Jina zuri, sina la kusema. Mwanzoni lilikuwa lake peke yake. Kisha likapewa barabara kubwa itokayo uwanja wa ndege, lakini ikaonekana si adabu wananchi kumkanyaga Chingwele, basi barabara ikafungwa, ikabaki ya kutazamwa. Baadaye jina likapewa hospitali, uwanja wa mpira, chuo cha ualimu, aina mpya ya mchele, na sabuni ya kufulia ambayo haikutoa povu. Tuliinunua hivyo hivyo. Nani angethubutu kuirudisha dukani?

Mnaijua mila yetu. Watu wawili wakiwa na jina moja huitana wajina, na wajina hamtupi wajina. Ukimpa mtoto wako jina la jirani, jirani huyo ataleta kanzu na kuku, na mtoto akiugua yeye ndiye wa kwanza kubisha hodi. Mtukufu alipoelezwa mila hii alilia redioni, tukamsikia akipenga kamasi nchi nzima. Akasema, "Nataka niwe wajina wa kila mtu. Nataka nikitoka nje nisikutane na mgeni."

Basi ikatoka amri. Kila mwanamume aitwe Chingwele, kila mwanamke Bi Chingwele, na kila mtoto atakayezaliwa apewe jina hilo kabla kitovu hakijakatika. Tukafurahi, tukakaa vibarazani kusubiri kanzu. Kwa kuwa wajina walikuwa wengi kuliko kanzu, Wizara ya Majina na Heshima ikaeleza kwamba Mtukufu ametoa zawadi ya jumla, nayo ni yeye mwenyewe. Tukapiga makofi, tukaingia ndani.

Ila binadamu ana ukaidi wake. Kila mtu akabaki na jina la mlangoni na jina la uani. Mlangoni wote tulikuwa Chingwele. Uani, mke akiita mume aje kula, aliita lile la zamani, kwa sauti ya chini, maana akiita Chingwele walikuja wanaume wa mtaa mzima, na wali ulikuwa mdogo.

Pakatungwa pia Sheria ya Adabu ya Jina. Kitu chochote kiitwacho Chingwele kisisemwe kwa ubaya. Daraja la Chingwele lilipovunjika na lori la maharage, mtangazaji mmoja akasema redioni kwamba limevunjika. Sasa anafyeka majani katika gereza, nalo gereza mnajua linaitwaje. Mtangazaji aliyemrithi alisoma habari ile ile vizuri zaidi: "Daraja la Chingwele limeshuka chini ili kuwa karibu na wananchi." Akapandishwa cheo.

Mahakamani palikuwa na taabu kidogo. Chingwele alimshtaki Chingwele mbele ya Hakimu Chingwele, na Chingwele hawezi kupatikana na hatia. Wataalamu wakakaa, wakala posho, wakapata ufumbuzi: kila mshtakiwa avuliwe jina mlangoni pale, pamoja na mkanda na viatu. Mtu asiye na jina hana usumbufu, unamhukumu upesi na unakwenda kula.

Nami mimi simo. Nilipewa maneno, nikapuliza pembe.

*

Sasa nije kwenye kata yetu. Tulikuwa hatuna maji. Wanawake waliyafuata mbali, wakirudi jua limeshapanda. Tukaletewa kisima kirefu cha bomba, na Mtukufu mwenyewe akaja kukizindua. Msishangae, kisima nacho kiliitwa Chingwele.

Wiki moja kabla ya uzinduzi wanaume tulikaa kwenye kahawa tukasema: mafundi wamechimba mahali pakavu, tumewaona, kisima hiki hakina kitu, lazima mtu amwulize Mtukufu. Nani ataanza? Akasema Pandu, fundi baiskeli, "Nitaanza mimi, lakini nikisimama msiniache peke yangu kama mkwaju wa shambani." Rafiki yake Makame akapiga paja: "Wewe simama, wa pili mimi." Na sisi wengine tukasema wa tatu, wa nne, mpaka vikombe vikaisha. Hawa wawili walikuwa kama pacha. Makame alikuwa yatima, amelelewa na mama yake Pandu, Bi Kazija, wamekula sahani moja tangu hawana meno.

Siku ikafika. Mtukufu akakata utepe, akashika mpini wa bomba, akapampu. Ukatoka upepo. Akapampu tena, akatoka mjusi. Papo hapo walinzi wakaleta ndoo ya maji waliyokuja nayo kwenye msafara, yakamiminwa mbele ya kamera, Mtukufu akanywa, akafuta mdomo, akasema, "Matamu!" Vifijo vilikuwa vikubwa.

Pandu akasimama. Alikuwa amevaa shati jeupe, mikono bado ina grisi. "Shikamoo, Mtukufu. Tunashukuru kwa kisima. Tunauliza tu, maji yatakuja lini?"

Mtukufu akatabasamu. "Mnauliza. Wewe na nani?"

Pandu akageuka kututazama. Jamani! Mmoja alikuwa ameinama anafunga kamba za viatu, na alikuja pekupeku. Mwingine alipatwa na kikohozi. Makame alikuwa anazitazama kucha zake moja moja kama anazinunua. Mimi nilikuwa na pembe mdomoni, na mtu mwenye pembe mdomoni hawezi kusema.

"Nimekuuliza, kijana. Wengine wako wapi?"

Pandu akacheka kidogo, cheko la mtu aliyejikwaa mbele za watu. "Basi, Mtukufu," akasema. "Ninauliza mimi."

Wakamchukua kwa gari, kwa upole kabisa, wakasema anakwenda kusaidiwa kuliuliza vizuri swali lake. Bwana Afisa Majina wa kata, mtu mnene mwenye miwani ya jua hata ndani ya nyumba, akapita safu kwa safu akituuliza, "Mnamjua huyu?" Makame ndiye aliyekuwa mwanzo wa safu. Akasema, "Simjui." Baada ya hapo kazi ilikuwa rahisi, maana kila mtu alijibu kama mwenzake.

Asubuhi yake nikapewa maneno mapya. Nikasimama sokoni nikapuliza. "Sikilizeni enyi wajina! Hakuna, hajawahi kuwepo, wala hatakuwepo mtu aitwaye Pandu, mlangoni wala uani!"

Tatizo ni kwamba jina lenyewe lilikuwa la wengi. Palikuwa na Pandu muuza kahawa. Huyo akaapa kwamba hata yeye hajawahi kujisikia akitajwa. Palikuwa na Kilima cha Pandu nyuma ya shule. Kikawa Kilima cha Chingwele, mpaka Bwana Afisa alipogundua kwamba watu huenda huko kujisaidia, kikazungushiwa seng'enge, tukabaki tunahangaika. Palikuwa na njia ya mkato ya Pandu, ikazibwa. Na palikuwa na punda wa kubebea mchanga. Punda hakuweza kupewa jina la Mtukufu, maana lazima achapwe. Wizara ikaandikiana barua na mkoa, mkoa na kata, hatimaye likaja agizo kwamba punda aitwe "Wewe". Siku ile ukisema "wewe" barabarani, nusu ya watu waligeuka na punda hakugeuka.

Tulicheka, jamani. Tulicheka sana siku zile, nami sijui kwa nini tulikuwa tunacheka hivyo.

Haikupita muda Bwana Afisa akataka wanaume wenye majembe. Akasema wanakwenda kuchimba kisima kingine, porini huko, ng'ambo ya tanuri la chokaa. Wakaondoka baada ya sala ya adhuhuri, wakarudi alasiri haijafika. Kisima gani kinachimbwa upesi namna ile, sijui. Mimi siku hiyo kiuno kilinikaba, muulizeni yeyote. Nilichoona ni kwamba jioni ile kahawa ya muuza kahawa ilimwagwa na birika zima, hakuna aliyekunywa, na Makame alinawa mikono yake kwenye karai mpaka mkewe akamwambia, "Bwana, maji hayo nimeyafuata kwa kichwa."

Aliyebaki kumtaja Pandu ni Bi Kazija peke yake. Kila mchana alimpakulia chakula akamfunikia kawa. Bwana Afisa akamwendea. "Bibi, huna mtoto. Umeelezwa."

"Nimesikia, mwanangu."

"Basi chakula hiki cha nani?"

"Cha huyo ambaye sina. Akirudi atakuwa na njaa."

Bwana Afisa akatafuta kifungu cha sheria kinachokataza kumpikia asiyekuwepo, hakukipata, akaondoka akiwa amekasirika. Sisi tukipita kwa Bi Kazija tulikuwa tunamwamkia kwa mbali, na tulianza kupita njia ya nyuma.

*

Basi mke wa Makame, Mashavu, akajifungua mtoto wa kiume. Bwana Afisa akafika kitovu kibichi, akaandika Chingwele, akapiga muhuri. Mtoto akalia. Tukasema, watoto hulia. Kesho yake akalia, kesho kutwa akalia, usiku na mchana, sauti ikikatika akilia bila sauti, mdomo wazi tu. Alipewa maji ya zamda ya kutuliza tumbo, akasuguliwa, akatazamwa chango. Hana kitu.

Kwetu jambo hili lina maelezo yake, kila mtu anayajua. Mtoto mzima wa afya akilia hivyo, analilia jina. Kuna marehemu anataka kurudi nyumbani na hana mlango, sasa amekuja kwa mtoto. Huletwa mama mtu mzima, akamwita mtoto majina ya wafu wa mtaa, moja moja, na likifika lake mtoto hunyamaza hapo hapo. Ni wafu tu wanaolilia majina. Aliye hai ataliliaje na analo mwenyewe?

Lakini mtoto huyu alikuwa na jina tayari, lenye muhuri. Maana yake, kulia kwake kulikuwa ni kulikataa. Na mbaya zaidi, kila alipoitwa Chingwele alizidi.

Hapo serikali ikaingia. Ikaundwa Kamati ya Dharura ya Kilio. Walikaa uani kwa Mashavu, wakanywa soda zote za duka la pembeni, wakaleta kwaya ya akina mama wa chama ikasimama juu ya kitanda ikaimba "Chingwele, Chingwele, wajina wetu" kwa sauti nne. Mtoto akabadilika rangi. Wakaleta redio yenye hotuba wakaiweka sikioni mwake. Daktari wa Hospitali ya Chingwele akampima, akaandika kwamba mtoto analia kwa furaha, ila furaha yake imepita kiwango.

Bwana Afisa akavua miwani, akaifuta, akaivaa. "Ndugu wajina," alisema, "mtoto huyu ana siku chache duniani, lakini uhaini hauna umri. Serikali ina huruma. Serikali inampa mtoto muda wa kujirekebisha. Ijumaa Mtukufu anapita hapa kukagua kisima. Ijumaa asubuhi nikisikia kilio, mtoto atapelekwa kwenye Kituo cha Utulivu."

"Atarudi lini?" Mashavu akauliza.

"Kituo kile, Bi Chingwele, ni kituo kizuri. Hakuna aliyewahi kulalamika."

Kweli. Hakuna aliyewahi kulalamika, kwa sababu hakuna aliyewahi kurudi.

Nilipita hapo Jumatano na pembe yangu. Mashavu akanishika mkono mlangoni. Alikuwa amekonda, titi limejaa mpaka kanga imelowa. "Mpiga mbiu, mtoto hanyonyi. Tangu juzi hanyonyi. Hata kabla ya hiyo Ijumaa yenu atanifia mikononi. Nawauliza, hamna mtu?"

"Na mwenzio anasemaje?"

"Makame? Makame hata kumshika hamshiki. Mtoto akilia yeye anatoka nje. Sijui nimemkosea nini."

Makame alikuwa kibarazani, mikono ameibana katikati ya magoti. Nikamwamkia. Nikasema, "Bwana Makame, mleteni mama amwitie mtoto majina." Akanitazama. Mimi nimetazamwa na watu wengi katika kazi hii, lakini vile sijatazamwa.

"Mama gani?" akaniuliza. "Anayejua kuita ni mmoja tu."

Naye alikuwa Bi Kazija.

*

Alikuja Alhamisi asubuhi, jua limechangamka, bila kuulizwa mara mbili. Mashavu alikwenda kumwangukia miguuni, yeye akasema, "Inuka, mwanangu, mtoto ni wa wote," akajifunga kanga kiunoni akaja. Uani tulijaa. Bwana Afisa alikuwa mjini kufuata bendera za Ijumaa.

Akakaa juu ya mkeka, akampakata mtoto, akachovya kidole kwenye kikombe cha maji, akamgusa utosini. Akaanza. "Vuai! Ni wewe, Vuai?" Mtoto analia. "Mzee Khatibu, ni wewe?" Analia. "Bi Mosi? Bi Mosi, umerudi kiumeni?" Watu wakacheka kidogo. Akaita babu zetu, akaita waliokufa kwa ndui, akaita aliyeangukiwa na mnazi. Alipomwita Mzee Dadi, aliyekuwa akiwapiga watu bakora kwa kuota kwamba wamemtukana, mtoto akalia kwa nguvu zaidi, na sote tukamshukuru Mungu.

Majina yakapungua, yakaisha. Mtoto sasa alikuwa analia bila sauti, miguu inatetemeka.

Hakuna aliyemtazama mwenzake. Uani palikuwa na kuku wa Mashavu, na nadhani hajawahi kuku kutazamwa na watu wengi vile.

"Mama," Mashavu akasema, "limebaki moja."

"La nani?"

"Unalijua, mama."

"Sijui." Bi Kazija akamfunika mtoto vizuri. "Nimeita wafu wote wa mtaa huu. Huyo unayemfikiria wewe hajafa. Jana nimempikia kisamvu. Na nyinyi wenyewe mlisema, huyu mpiga mbiu hapa alisema na pembe lake, kwamba hajawahi kuwepo. Sawa, nimekubali. Ambaye hakuwepo anakufaje?"

Alisema hivyo akitabasamu. Ndipo nilipofahamu kwamba mama yule, siku zote zile, alikuwa ameishika amri ya serikali kama dawa. Sisi tulikuwa tunaicheka, naye ndiyo aliyokuwa akiilalia.

"Mama, jaribu tu," Mashavu akalia. "Kama si yeye, mtoto hatanyamaza, nawe utakuwa huna hasara."

"Na akinyamaza?"

Mashavu akauma kanga. Alikuwa anataka mtoto wake aishi, na njia ya kuishi mtoto wake ilikuwa kumuua wa mwenzake. Nani angemlaumu?

Makame akaingia uani. Akaja mpaka kwenye mkeka, akapiga magoti, akaweka paji la uso chini.

"Mwite, mama," akasema.

"Makame."

"Mwite."

"Inua uso, mwanangu. Wewe na yeye nimewanywesha uji kwa kijiko kimoja. Nitazame. Unaniambia nimwite?"

Makame akajaribu kuinua uso, haukuinuka. "Mwite, mama, usimngoje," akasema, na sauti yake ilitoka ardhini. "Usimpikie tena. Mwite."

Bi Kazija hakulia. Tulisikia mbali punda wa mchanga akipita. Nilitamani atutukane, atulaani, avue kanga yake atulaanie nayo kama akina mama wafanyavyo, ingekuwa nafuu. Yeye aliinama tu, akaweka mdomo kwenye sikio la mtoto.

"Pandu," akasema. "Ni wewe, baba?"

Mtoto akakwama. Akapiga kwikwi.

"Ni wewe. Karibu nyumbani, Pandu. Karibu, mwanangu, umechelewa."

Mtoto akanyamaza. Akageuza kichwa kutafuta titi, na kwa kuwa alikuwa kwa Bi Kazija alilitafuta kwa Bi Kazija, kwenye kifua kikavu cha mama mzee, akilamba kanga. Mashavu akampokea, mtoto akanyonya mpaka maziwa yakampalia. Mashavu alikuwa analia kwa furaha na anaifuta ile furaha upesi upesi na mkono, kwa aibu, kwa sababu Bi Kazija alikuwa amekaa mbele yake.

*

Haikupita muda tukasikia pikipiki. Bwana Afisa akaingia bila hodi, bendera begani.

"Nimesikia kimya!" akasema. "Nimekisikia tangu sokoni! Amenyamaza?"

"Amenyamaza, Bwana Afisa."

"Kwa jina gani?"

Hapo tulikuwa wengi. Kama mtu mmoja angesema, wa pili angesema, na wa tatu. Hesabu yake tuliijua, tulishawahi kuipiga kwenye kahawa. Bi Kazija alikuwa anatutazama, wala si kwa ukali. Anatutazama kama mtu anayesubiri kuletewa kiti.

"Chingwele," tukasema.

Tulisema kwa pamoja. Wako wanaodai kwamba sauti yangu ilitangulia. Sauti yangu ni ya mazoezi, huenda ilitangulia kidogo.

Bwana Afisa akarukaruka. Akapiga picha mtoto amelala, akapiga picha titi kwa makosa, akaifuta, akatoa hotuba fupi: kwamba nguvu ya jina imethibitika kisayansi, kwamba Kamati ya Kilio itapewa nishani, kwamba mtoto atapelekwa mbele ya Mtukufu kesho amshike kidole. Akaagiza nitangaze jambo hilo kata nzima kabla ya magharibi. Kisha akaondoka kwenda kupiga simu.

Bi Kazija akafungua kanga ya kiunoni, akajifunika kichwani. Akasimama, akamshika Makame mkono, akamwinua.

"Nipeleke," akasema.

Makame akaanza kumwambia jambo. Mama akamkatiza. "Sitaki maneno, baba. Mmenipa maneno mengi. Nipeleke nikamwone alipo."

Wakatoka. Nasi tukatoka, maana mama mtu mzima hawezi kuachwa aende porini na mtu mmoja, na huyo mmoja analia. Wanaume tupu, kimya, mchana kweupe, tukapita shule, tukapita seng'enge ya kilima. Nami niliiacha pembe kwa Mashavu. Tangazo lingengoja.

Tulipolipita tanuri la chokaa Makame akaacha njia. Akakaa juu ya jiwe, kichwa mikononi, akawa anasema mambo yasiyosikika. Bi Kazija akakaa naye akimpigapiga mgongo, yeye akimbembeleza muuaji wa, basi, sisemi. Wakakaa sana. Sisi wengine tukaona ni adabu kuwapisha, tukasogea mbele taratibu.

Mbele kidogo njia inagawanyika. Ya kushoto ni pana, inakwenda mashambani, ndiyo watu wanayoipita kila siku. Ya kulia si njia. Ni nyasi zilizolala kidogo, na miba, na huko ndani hakuna shamba, hakuna nyumba, hakuna kisima.

Tulikuwa tumeshaingia kwenye miba niliposikia Bi Kazija anaita nyuma yetu. Amefika kwenye njia panda, amesimama. Makame bado alikuwa mbali kule kwenye jiwe lake, hajaonyesha mtu kitu.

"Jamani," Bi Kazija akasema, "nani kawaambia ni huku?"

Watu wote wakasimama. Nikageuka nimtazame aliyetutangulia, ili yeye ajibu. Nilimtafuta. Walikuwa wote nyuma yangu.